Jiwe Linalogeuka Unga

Vijana wangu mnaoshika nyundo na tindo leo, mtu akikuambia kwamba jiwe haliumwi, mwitikie kwa adabu, kisha urudi ukaligonge. Nimefanya kazi ya mawe tangu usichana wangu mpaka magoti yaliponigomea. Nimepanda majukwaa ya miti yaliyofungwa kwa kamba za katani, nimenyeshewa nikiwa juu, nimeumwa na nyuki waliojificha kwenye nyufa. Hayo yote niliyazoea. Nisichokizoea mpaka leo ni sauti ya jiwe ambalo nje linapendeza na ndani limekwisha. Jiwe zima ukiligonga hulia wazi, kama sufuria nzito. Jiwe gonjwa hutoa sauti ya debe lililofunikwa blanketi. Ukiisikia sauti hiyo ukiwa chini ya mlango ambao watu wanapita, unatoka hapo polepole na kuwazuia wanaokuja.

Mimi naitwa Athieno. Kwetu ni Mwello, upande wa Tororo, ambako baba alilima mtama na mihogo, nami nikaanza kuponda kokoto kama wanawake wengi wasiokuwa na shamba lao. Aliyenitoa kwenye kokoto ni Mzee Idirisa, fundi wa mawe wa Busia. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mtoto wa watu wa biashara na malori, lakini yeye malori hakuyapenda, alipenda kuta. Alitengeneza misikiti, maduka ya Wahindi wa zamani, na makanisa mengi kuliko hayo mengine yote. Watu walimtania kwamba anawajua watakatifu kuliko padri. Akawa anajibu kwamba yeye anaijua migongo yao tu, kwa sababu sanamu huharibikia mgongoni, upande unaogusa ukuta wenye unyevu.

Aliniona nachagua kokoto kwa sauti zake badala ya ukubwa, akasimama, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia hakuna. Kesho yake nilikuwa nambebea maji ya chokaa. Haukupita mwaka, nikawa nachonga.

Somo lake la kwanza lilikuwa ndimu. Alitembea na ndimu mfukoni kama mtu mwingine anavyotembea na tumbaku. Akifika kwenye jengo asilolijua, hukata ndimu na kukamua tone juu ya jiwe, sehemu isiyoonekana. Tone likitulia, jiwe ni gumu, kama lile la kusagia mtama. Tone likichemka na kutoa povu, hilo ni jiwe la chokaa, kama yale meupe yaliyochimbwa kwenye vilima vya karibu na mji. Hapo Mzee Idirisa hufuta mkono kwenye koti na kusema jiwe hili lina moyo mlaini, likingwe na moshi.

Mimi nilidhani ni maneno ya wazee. Moshi ungelifanya nini jiwe?

Kuna kanisa Busia, upande wetu wa Uganda, kando ya barabara inayokwenda mpakani. Silitaji jina, kwa sababu wenyewe wapo na walitutendea mema. Mababu walilijenga kwa mawe meupe yaliyotoka Tororo. Mlango wake wa mbele ulikuwa na tao refu, na juu kabisa, kwenye lile jiwe la katikati linalobana mengine yote yasianguke, fundi wa zamani alichonga mwana-kondoo amelala. Nilipoanza kazi, kondoo huyo alikuwa na macho, masikio na hata mikunjo ya manyoya. Ungeweza kusimama chini ukazihesabu kwato zake.

Kisha barabara ikajaa. Malori yaliyongoja kuvuka yalipanga foleni kutoka mpakani mpaka yakapita kanisa. Madereva walilala ndani ya malori, walipika chai chini ya trela, walioga kwa madumu, na injini zilinguruma kutwa kwa sababu foleni ikisogea na wewe hujasogea, mwenzako anakuingilia mbele. Moshi mweusi wa dizeli ulipanda ukagusa ukuta wa kanisa kama unavyoupanda ukuta wa jiko. Padri alilalamika kwamba nguo za altare zinanuka. Hakuna aliyelilalamikia jiwe.

Sisi mafundi tulianza kuona mambo mawili yasiyolingana. Pale mvua inapopiga, ukuta ulikuwa mweupe na safi, lakini ulikuwa unakonda. Kondoo alipoteza macho, kisha masikio, mwishowe akawa kama mkate uliolambwa na mtoto. Pale mvua isipofika, chini ya tao na chini ya vidirisha, ulitokea ukoko mweusi, mnene, wenye malengelenge. Ukilitoboa lengelenge, ndani kulikuwa na unga.

Aliyetueleza ni Nekesa, binti wa Mzee Wandera. Wandera alikuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kanisa, Msamia wa Lumino, mtu mtaratibu anayevaa tai hata siku ya kufyeka majani. Nekesa alifundisha kemia katika shule ya sekondari ng'ambo, upande wa Kenya, na alipokuja likizo alipenda kukaa kwenye kivuli tukifanya kazi. Mzee Idirisa alimwonyesha mchezo wa ndimu. Nekesa alicheka, akasema hata yeye huwaonyesha wanafunzi kitu hicho hicho, ila kwa asidi ya chupani. Akatueleza kwamba mafuta ya malori yana salfa, ile inayonuka unapowasha njiti ya kiberiti. Ikiungua hupanda na moshi, hukutana na umande na mvua, ikawa kali kama maji ya ndimu. Inaposhika jiwe la chokaa, jiwe linageuka jasi, kitu kama chaki ya ubaoni. Palipo na mvua, ile chaki inaoshwa na kwenda zake, na kila mvua inaondoka na ngozi ya jiwe. Pasipo na mvua, inabaki, inanasa masizi, inavimba na kulisukuma jiwe mpaka linabanduka.

Mzee Idirisa alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, mimi naona hii miaka mingi, lakini jina yake sijui. Asante. Sasa inaniogopesha zaidi."

Nami pia. Mpaka siku ile nilikuwa naiona foleni ya malori kama kero ya masikio. Tangu hapo kila injini iliyowaka niliisikia kama kitu kinachotafuna.

Niwape kidogo cha kuchekesha kabla sijafika kwenye yaliyonikosesha raha. Vijana wa kwaya waliamua kuutoa ule weusi wenyewe wakati sisi tuko kazini Bulumbi. Mmoja wao alikuwa fundi wa betri za magari, akaja na asidi. Wakaimwaga kwa kopo. Ukuta ukatoa povu kama nguo zimelowekwa kwenye omo, na watu waliokuwa wakipita wakasimama kupiga makofi, maana chini ya povu ukuta ulitokea mweupe kama mfupa. Tulipofika tulikuta kwaya nzima inajipongeza. Mzee Idirisa alikaa chini kwenye majani, akavua kofia. Wale vijana walifikiri ameguswa na uzuri. Walikuwa wamefanya kwa asubuhi moja kazi ambayo malori yangeifanya kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo sikieni: jiwe la chokaa halioshwi kwa asidi, wala halisuguliwi kwa brashi ya waya. Ni maji safi, kidogo kidogo kama manyunyu, brashi ya manyoya laini, na uvumilivu. Ukoko ukikataa kutoka, uacheni, mrudi kesho.

Kosa jingine lilikuwa kubwa zaidi, na halikuwa la vijana. Wakati ambapo kila mtu aliamini simiti ni dawa ya kila kitu, kamati iliyotangulia ilitaka tao lipigwe plasta ya simiti kwa upande wa chini ili kufunika madoa, kondoo akiachwa wazi, na Mzee Idirisa ndiye aliyeipiga. Nilikuwa sijafika kwake. Ilipendeza. Lakini simiti ni kama koti la mpira: maji yanayoingia kwa nyuma hayatoki. Chokaa inapumua, simiti haipumui. Miaka yote hiyo, nyuma ya plasta, jiwe lilikuwa linalowa, linavimba na kufa, na hakuna jicho lililoliona.

Sasa ikaja harusi ya Nekesa.

Wandera aliniita wiki ile ya harusi akaniomba nisafishe weusi wa mlangoni ili picha zitoke vizuri. Mzee Idirisa alikuwa na homa, nikapanda peke yangu. Ilikuwa asubuhi tulivu. Niliosha nguzo za pembeni bila shida, nikafika kwenye tao, na kwa mazoea tu nikaligonga kwa nyundo ya mti kabla ya kulilowesha.

Debe lililofunikwa blanketi.

Nikagonga jiwe la pili, nalo vile vile. Nikasogea mpaka lile la katikati, la kondoo, na nilipoligusa kipande cha plasta kikabanduka chenyewe, kikaanguka chini. Kwenye tundu ukaanza kumwagika unga mweupe. Nilidhani utakoma. Haukukoma. Ulitiririka taratibu kama unga kutoka kwenye gunia lililotobolewa na panya, ukaniangukia kifuani, na nilikuwa nimesimama hapo hapo, uso wangu ukiwa chini kidogo ya jiwe lenye uzito wa ng'ombe. Sikuthubutu kupiga kelele. Nilishuka nikiwa nahema kupitia mdomo, nikihisi kila ubao unavyolia, na nilipofika chini nikaketi barabarani karibu na tairi la lori.

Nilimtuma mtu amwite Mzee. Alikuja amejitanda shuka, homa ikimtetemesha. Hakupanda. Alisimama mbali, akautazama mstari wa tao, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. Kisha akaokota ule unga, akausugua katikati ya vidole.

"Hii ni kazi ya mkono yangu," akasema. "Nilivalisha mgonjwa nguo mpya."

Tulikwenda kwa Wandera pamoja. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akasikiliza. Kisha akauliza maswali ya mtu mwenye akili: tao hilo limesimama tangu kabla hajazaliwa, kwa nini lianguke Jumamosi hii? Tuna hakika? Tulimwambia hatuna. Lingeweza kusimama mpaka wajukuu wake waoe. Lingeweza kuanguka kabla hatujamaliza chai. Hilo ndilo gumu la kazi hii, vijana. Mtu anataka siku na saa, nawe una sauti ya nyundo tu mkononi.

Lakini shida yake kubwa haikuwa tao. Kanisa lilikuwa na mlango mwingine mmoja tu, wa pembeni, mwembamba, na kwa desturi ya pale huo ndio mlango wa kutolea majeneza. Bibi harusi aingie kwa mlango huo, na wageni wanatoka pande mbili za mpaka? Akina mama wa kwao walikuwa wamekwisha kusikia, na walikuwa wanalia jikoni. Shangazi mmoja alisema afadhali harusi iahirishwe. Wandera alishika tai yake akawa anaivuta kama inayomkaba. Niliona wazi kwamba anaogopa pande zote mbili.

Nekesa alitoka chumbani. Alikuwa na hina mikononi. Alimwomba Mzee Idirisa ule unga, akaumimina kwenye kiganja chake, akautazama kwa muda. Alitazama kuelekea jikoni, kilio kilikotoka. Sitaki mfikiri hakuogopa desturi kwa kuwa amesoma. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba," akasema, "bora nipite mlango wa maiti nikiwa hai."

Wandera akainuka, akatuuliza tunahitaji miti mingapi.

Tuliweka magogo ya mikaratusi chini ya tao, tukayakaza kwa kabari. Tuliogopa kila pigo la nyundo, kwa hiyo tulizisukuma kabari kwa mikono na kwa magoti. Tukafunga kamba mbele ya ngazi za kanisa, na wasichana wakaivalisha maua ya karatasi ili isionekane kama kamba ya msiba. Siku ya harusi Nekesa alipita pembeni akiwa ameinua gauni, wanawake wakipiga vigelegele vikubwa kuliko kawaida, nafikiri ili kuifukuza hofu. Mzee Idirisa alikuja na kanzu yake nyeupe, akaweka kiti mbele ya kamba, akaketi hapo. Alisema yeye haingii ibadani, basi atakuwa askari. Mimi nilisimama upande wa pili.

Wimbo ulikuwa umeanza ndani wakati mvua iliposhuka. Mvua ya kwetu mnaijua, haibishi hodi. Watu waliokuwa nje, wageni waliokosa nafasi, madereva wa foleni, wachuuzi, wote wakakimbilia mahali penye paa lililo karibu, na mahali hapo ni chini ya tao. Tulinyoosha mikono tukawazuia. Walitutukana. Mama mmoja aliyelowa kitenge aliniuliza kama kanisa ni la baba yangu. Niliwaelekeza pembeni, nikiwasukuma kwa mabega, na nyuma yangu nilikuwa naisikia miti ikilia. Mlio mwembamba, wa mti unaobebeshwa kitu ambacho jana haukubeba. Maji yalikuwa yameingia kwenye ule unga na kuutia uzito.

Katikati ya vurugu, mwanamke aliyekuwa akiuza karanga kwa madereva alipita chini ya kamba. Hakuwa mtu wa harusi. Hakuwa amesikia lolote. Alikuwa na beseni kichwani na alitaka tu karanga zake zisilowe. Alifika kwenye kivuli cha tao, akatua beseni, akaanza kukamua nguo.

Nilimwita, hakunisikia kwa mvua. Mzee Idirisa aliinuka kwenye kiti. Sikujua kwamba mtu wa umri wake, mwenye homa ya wiki nzima, anaweza kwenda vile. Hakumkamata wala kumvuta. Alimparamia kwa bega, wakaanguka wote wawili, mwanamke akaviringika hadi kwenye ngazi, karanga zikamwagika. Gogo moja likateleza. Jiwe la kondoo halikuanguka zima. Lilipasuka kama kipande cha sabuni iliyokauka, na nusu yake ya chini ikashuka.

Kwa sauti hiyo sina mfano. Ninachokumbuka ni vumbi jeupe ndani ya mvua, na kwamba ndani ya kanisa waliendelea kuimba, kwa sababu mabati yalikuwa yanapiga kelele na hawakusikia kitu.

Nilimkuta Mzee Idirisa amelala kifudifudi, bega la kulia limebanwa. Macho yalikuwa wazi. Nilipomsogelea aliniambia nisije chini ya tao, niseme na madereva. Na ndio waliomtoa, madereva wale wale wa foleni, kwa jeki ya lori na nondo, mmoja amelala kwenye matope huku ameelekeza tochi na macho yake juu, akiyaangalia mawe yaliyobaki yasije yakawaangukia. Walimkimbiza hospitali na lori lisilo na trela. Mwanamke wa karanga alikwenda naye, akiwa amekishika kichwa cha Mzee mapajani na hata jina lake halijui.

Mzee Idirisa alipona, ila mkono wa kulia haukuinua nyundo tena. Alipoweza kukaa, aliletwa mbele ya kanisa kwa kiti, na sisi tukalishusha tao lililobaki, jiwe baada ya jiwe, yeye akiniongoza kwa mdomo. Tulikuta vyuma vilivyounganisha mawe vimeota kutu na kuvimba, vikiyapasua kwa ndani. Tulikuta mawe ambayo nje yalikuwa kamili, na ukiyafungua unakuta moyo wake ni chaki. Wandera alikuja kila siku. Siku moja aliketi kwenye lundo la vifusi, na tai yake, akalia bila kujificha. Mzee alimwambia alie tu, kwamba yeye mwenyewe alikwisha kulia hospitalini.

Tulilijenga tao upya kwa mawe tuliyoyagonga moja moja, kwa chokaa tuliyoiloweka muda mrefu, bila tone la simiti. Siku hizi malori yanavuka haraka kuliko zamani, na nasikia dizeli yenyewe imepunguzwa ukali. Nashukuru. Lakini nikipita mjini naona tairi zikichomwa, takataka zikichomwa, tanuri za matofali zikitoa moshi hadi kwenye kuta, pikipiki zikinguruma mlangoni pa kanisa kutwa. Mzee Idirisa amekwisha kufariki, na Nekesa ana watoto wanaokwenda shule. Mimi nimerudi Mwello, nalima kidogo, na hata nyumbani siwezi kulala kwenye chumba chenye ukuta wa mawe. Nimejenga ya udongo.

Mwezi uliopita nilikwenda Busia kusali. Baada ya ibada nilisimama pembeni ya mlango, nikanyoosha leso yangu nyeupe mpaka pale mkono ulipofika, chini ya tao nililolijenga, mahali mvua isipofika. Leso ilirudi nyeusi. Juu zaidi, kwenye kiungo cha jiwe la katikati, niliona kitu kilichovimba, kidogo kama kunde. Huenda ni uchafu tu. Kutoka chini huwezi kujua. Watoto wa katekisimu walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakingoja mwalimu wao. Niliwaomba wahamie kwenye majani, wakahama wakicheka.

Ngazi ya kupandia iko nyuma ya kanisa, imelazwa ukutani. Magoti yangu hayapandi tena.